Baba Mkwe Nje ya Dirisha la Wodi

Kama bega lako limeteguka, usikubali likandwe wiki nenda wiki rudi na watu wanaokupenda. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninalowaambia wanawake wanaokuja kwangu wameshika mkono mmoja kwa mkono wa pili, na kwa sababu mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu. Nenda hospitali leo. Mengine nitakayoandika hapa unaweza kuyaruka ukiwa na haraka. Mimi ningeyaruka.

Naitwa Subilaga. Nimezaliwa na kuolewa Rungwe, na shule ya misheni nilisoma kiasi cha kuweza kuandika haya. Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuwa na mtoto mmoja, Bupe, aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushikilia vitu. Mume wangu alikuwa migodini Rhodesia kama wanaume wengi wa kwetu. Kukaa nilikuwa sijui. Mama mkwe alikuwa akisema Mungu aliponigawia miguu alisahau kunigawia makalio. Nilipalilia na Bupe mgongoni, nikatwanga na Bupe mgongoni, nikaenda kisimani na Bupe mgongoni. Akiwa pale halii, na mimi nikiwa naye pale nilikuwa naona kazi yoyote ni nyepesi.

Sasa lazima niseme jambo moja la kwetu, maana bila hilo hutaelewa nilivyoanguka. Kwetu Unyakyusa mkamwana hamwoni baba wa mume wake. Hamtazami usoni, hasemi naye, hapishani naye njiani, na jina lake halitaji. Mpaka leo jina la baba mkwe wangu silitaji, na hutalisoma hapa. Akitokea upande huu, wewe unaingia vichakani, au unachuchumaa umejifunika nguo mpaka apite. Si chuki, ni heshima. Mchungaji wetu alishasema kanisani kwamba Mkristo anaweza kuiacha desturi hiyo, tukaitikia amina wote, na ibada ilipokwisha kila mkamwana akashika njia yake ya kujificha.

Ilikuwa masika. Nilikuwa nateremka kutoka migombani na mkungu wa ndizi kichwani, na Bupe, nashukuru, nilikuwa nimemwacha na wifi yangu Tumpe. Njia ilikuwa tope tupu. Mzee mwenye adabu hukohoa kabla ya kona ili wakamwana wajihadhari, lakini siku ile baba mkwe hakukohoa. Nikaona ncha ya fimbo yake na pindo la koti, na kabla akili haijasema neno miguu ilikuwa imekwisha ruka. Niliruka ng'ambo ya njia, korongoni, mkungu ukanifuata. Mkono wa kulia ulitangulia chini, nikausikia ukitoka mahali pake, mlio mzito wa ndani ya mwili ambao nikiukumbuka hata sasa naweka kalamu chini.

Na yeye? Alinigeuzia mgongo palepale. Alisimama juu njiani, uso kaelekeza mlimani, akapiga kelele, "Akina mama! Njoni! Mtoto wa watu kaanguka!" Mimi nalia chini, yeye analia juu, kanipa mgongo, na wala hakuna hata mmoja wetu aliyeona jambo la ajabu hapo.

Wanawake walinibeba mpaka nyumbani. Akaitwa mama mmoja fundi wa viungo, mwenye mikono mizuri, aliyenyoosha miguu ya watoto wengi pale kijijini. Akasema mfupa umevunjika. Akaufunga kwa vijiti, akanikanda kwa majani ya moto na mafuta, kila siku, na kila siku niling'ata kanga ya mama mkwe nisipige yowe. Simlaumu. Ingekuwa mfupa umevunjika kweli, pengine ningepona mikononi mwake. Lakini bega langu lilikuwa limefanya pembe kama sanduku, chini ya pembe pana shimo, na vidole vilikuwa na ganzi asubuhi mpaka jioni. Kila aliyekuja kuniona alisema subira yavuta heri. Niliyachukia maneno hayo. Masika yakaisha, mahindi yakakomaa, na subira yangu ilikuwa haijavuta kitu.

Kilichonitesa kuliko maumivu ni Bupe. Kumnyonyesha niliweza kwa kulala upande wa kushoto, lakini kumbeba, hapana. Alikuwa akija nyuma yangu, anashika nguo, anavuta, analia kile kilio cha kutaka mgongo, na mama mkwe anakuja anamchukua. Nilimwonea wivu mama mkwe, naandika bila aibu. Nilikuwa nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, nashika ufagio naacha, nashika mtungi naacha.

Siku moja Tumpe alikuja na maneno kutoka kwa baba mkwe, maana habari zote kati yangu na mzee zilipitia kwa Tumpe.

"Baba anasema lori la kahawa linakwenda Mbeya kesho. Anasema mwanawe aliacha mke mzima, hataki aje amkute na mkono wa kuning'inia. Atakupeleka mwenyewe."

"Mwenyewe vipi?"

"Yeye atakaa mbele na dereva. Sisi nyuma juu ya magunia, na wewe ujifunike. Bupe abaki na mama."

Bupe alibaki. Sitaki kuandika juu ya asubuhi ile.

Hospitali ya Mbeya nilijifunza benchi. Kama wewe ni mtu wa kutulia, benchi la hospitali halitakusumbua. Mimi lilinimaliza. Tulikaa kibarazani kuanzia umande mpaka jua kuchwea, tunasogea makalio kwa makalio kila mgonjwa wa mbele akiitwa, ukungu wa mlima unateremka mpaka miguuni. Wasafwa na viazi vyao vya kula njiani, Wasangu wa Rujewa wenye homa, mama mmoja mwenye mtoto aliyemeza kifungo. Nilisimama, nikatembea, nikapoteza nafasi yangu, nikarudi nyuma ya mstari. Tumpe alinikemea. Nikasimama tena. Baba mkwe alikuwa upande wa pili wa jengo, na Tumpe, mwenye mimba kubwa, alikuwa akizunguka jengo zima kupeleka maneno na kurudisha.

Walinipiga picha ya mfupa, kisha wakajaribu kuurudisha. Walinifunga shuka kifuani, dresa mmoja, msaidizi wa daktari, akalivuta kule, mwingine akavuta mkono huku. Nilisema maneno ambayo Mkristo hasemi. Haukurudi. Daktari alizungumza, dresa akatafsiri bila kunitazama: "Mmechelewa, mama. Limeganda huko lilikokwenda. Iringa yuko daktari anayeweza kupasua akalirudisha. Hapa hatuwezi."

Tumpe hakuweza kwenda Iringa na tumbo lile. Alinifunga nguo vizuri begani, akalia, akapanda lori la kurudi. Basi tukabaki mimi na baba mkwe, watu wawili wasiotazamana wala kusemezana, na safari ya siku nzima mbele yetu.

Kwenye basi alikaa mbele kabisa, mimi nyuma kabisa, nimejitanda kanga mpaka machoni. Igawa basi liliposimama, alinunua mahindi ya kuchemsha, akampa kondakta.

"Mpe yule mama mwenye mkono."

"Huyo si mtu wako, mzee? Si umpe mwenyewe?"

"Wewe mpe."

Makambako ikawa chai, vilevile. Kondakta aliniletea kikombe akaniinamia sikioni, "Mama, mzee kakukosea nini?" Nilicheka mpaka bega likaniuma. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu nianguke.

Iringa ilikuwa kipupwe. Upepo wa kule juu hauna haya, unaingia hata kwenye mifupa isiyoteguka. Nililazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, na jirani yangu alikuwa bibi mmoja Mhehe wa Kilolo aliyeungua mguu kwa uji wa pombe. "Kamwene," alinisalimu, na kabla sijajibu alikuwa ameshaniuliza kabila, watoto, na kwa nini mume hayupo. Nilimpenda palepale.

Maziwa ndiyo yaliyoniumiza siku zile za mwanzo. Yalijaa, yakawa magumu, yakalowesha gauni la hospitali, na mtoto wa kuyanyonya alikuwa Rungwe. Nesi alinifunga kitambaa kifuani. Yalipokauka nilijipapasa asubuhi nikakuta ziwa limelegea, nikalia kuliko nilivyolilia mkono. Bibi wa Kilolo hakuniambia subira. Alisema tu, "Lia, mwanangu, mwisho wake utachoka." Kwa hilo peke yake namwombea mpaka leo.

Kisha daktari akaja na nesi wa kutafsiri. Alisema wazi, na mimi nampenda mtu anayesema wazi. Atapasua, atarudisha mfupa. Mkono unaweza kurudi, si wote, lakini wa kutosha kazi nyingi. Unaweza pia kupooza. Dawa ya usingizi nayo, wako wasioamka. Nisipopasuliwa nitabaki nilivyo.

"Nitaweza kubeba mtoto mgongoni?" niliuliza.

Nesi alitafsiri, daktari akainua mabega yake, yote mawili, mazima. "Tukipasua, pengine. Tusipopasua, hapana."

"Pasua."

"Lazima mkubwa wa familia akubali. Mumeo yuko wapi?"

"Rhodesia."

"Aliyekuleta ni nani?"

"Baba mkwe wangu."

"Aje hapa tuzungumze naye."

Ndiyo iliyokuwa shida. Baba mkwe alikuwa amepata pa kulala kwa Mnyakyusa mmoja mjini, na kila asubuhi alikuja kukaa nje, chini ya dirisha langu, mgongo kauegemeza ukutani. Nilijua yupo kwa harufu ya tumbaku yake. Lakini kuingia wodini nilimo, mbele ya kitanda changu? Nesi alimfuata nje, akarudi amekasirika.

"Huyu mzee wako ana moyo gani? Anasema hawezi kuingia!"

"Hawezi, dada. Hata mimi ningemshangaa."

"Basi angalau akubali hukohuko. Hataki. Anasema atafikiri."

Alifikiri siku hiyo, akafikiri na iliyofuata. Bibi wa Kilolo akawa Tumpe wetu. Mzee alikuwa akisema kutoka nje, kwa Kiswahili, ili bibi apeleke: "Mama, mwambie mama Bupe kwamba nikimpeleka kwenye kisu akafa, baba yake nitamwambia nini?"

Bibi ananigeukia. "Anasema..."

"Nimesikia. Mwambie nikibaki hivi, atamwambia nini mwanawe?"

Bibi anageukia dirisha. "Anasema..."

"Nimesikia, mama. Mwambie mkono mmoja ni bora kuliko kaburi."

"Nyinyi Wanyakyusa!" bibi akafoka. "Mnasikiana wote wawili, si viziwi, mnanichosha mimi mwenye mguu mbovu! Kwetu baba mkwe tunampa ugali!" Wodi nzima ikacheka. Huko nje nikasikia na yeye anacheka kidogo, puani.

Lakini kicheko hakikuleta jibu. Nesi akaniambia daktari anaondoka kesho kwenda kuzungukia hospitali nyingine, na hajulikani atarudi lini. Bega linazidi kukauka. Kama ni kupasua, jibu litoke leo.

Nilizunguka ile wodi mpaka nesi akaniambia nitamaliza sakafu. Nilijaribu kukaa. Nilijaribu kuomba, lakini kila nikifumba macho namwona Bupe amesimama nyuma yangu ameshika nguo. Nikafumbua. Nikatoka nje.

Wanawake wenzangu wa Unyakyusa wanaosoma haya wanajua nilichofanya. Wengine, chukueni neno langu kwamba kisu hakikunitisha nusu ya zile hatua za kibarazani. Nilizunguka kona ya jengo bila kujifunika. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, kofia magotini. Alinisikia, akainua kichwa, akashika kofia akajifunika uso wote.

"Mama!" akaita dirishani kwa sauti ya kuomba. "Mama wa Kilolo! Mwambie arudi ndani!"

Bibi hakujibu. Nadhani kwa mara ya kwanza maishani mwake alinyamaza kwa makusudi.

"Baba," nikasema. Nilikuwa sijawahi kumwita. "Daktari anaondoka. Sema ndiyo."

"Rudi ndani, mwanangu. Watu wanaona."

"Waone. Nisipopasuliwa Bupe atakulia mgongoni kwa mtu mwingine. Shusha kofia uniambie hapana nikikuona."

Kisha akaishusha. Nilikuwa nimeolewa katika nyumba yake, nimepika chakula alichokula, na sikuwa nimewahi kuona uso ule. Ulikuwa uso wa mzee tu, ameishiwa usingizi. Pua ni ya mume wangu kabisa. Machozi yalikuwa yanateremka pembeni mwa pua hiyo, na alinitazama chini ya shingo, begani, kwenye ile pembe.

"Sikukohoa," akasema. "Nilikuwa nawaza ng'ombe. Ukifia humo ndani, nitakuwa nimekuua mara mbili."

Mimi nilidhani anaogopa baba yangu. Nilidhani anaogopa desturi, daktari, kisu. Sikuwa nimefikiri hata siku moja kwamba mzee huyu amekaa ukutani siku zote hizo na kikohozi ambacho hakukitoa. Hasira yote ikaniisha, nikabaki nimesimama na mkono wangu.

"Basi kohoa leo, baba," nikasema, "twende kwa daktari."

Akakohoa. Kweli, alikohoa, cha uongouongo, huku analia, na mimi nikacheka na kulia pamoja. Akavaa kofia akatangulia, mimi nikamfuata kwa mbali kidogo, na mbele ya daktari alisema kwa sauti kubwa, kama anayetoa ushahidi barazani: "Mpasueni. Ni mimi nimesema."

Kupasuliwa kwenyewe sina la kueleza. Harufu kali puani, kisha kutapika kwenye beseni na kiu ambayo hawakuruhusu niizime. Mkono walikuwa wameufunga kifuani kwa bendeji kama mtoto mchanga, wala sikujua kama upo. Jambo la kwanza nililofanya ni kujaribu vidole. Kidole gumba kilikuja. Vingine vilifuata polepole, cha mwisho kikiwa kile kidogo, na bibi wa Kilolo akavishangilia kimoja kimoja.

Kisha likaja jambo gumu kuliko yote, kungoja umefungwa. Nilipungua. Mkono wa kushoto ulijifunza kula, kuchana nywele, kujipangusa. Bibi alipona akaenda kwao, na kitanda chake akaja mtu asiyeongea. Baba mkwe alirudi dirishani, na alirudi kukaa kwa mgongo. Hatukutazamana tena, si siku hiyo wala mpaka alipofariki, na hakuna aliyetulazimisha. Lakini kila siku kibakuli kilipita dirishani, kimeshikwa na mkono uliogeuzwa nyuma: ndizi za kupika. Sijui alizitoa wapi katika mji ule wa ugali.

Walipoufungua, mkono ulikuwa mwembamba na ngozi inapukutika, haukuweza kuinua kijiko. Nesi alinisimamisha mbele ya ukuta akasema tembeza vidole juu, kama buibui. Ewe msomaji mwenye bega, usikwepe ukuta. Utauchukia, utautukana, lakini panda nao. Kila siku mahali pa jana pataonekana mbali, kisha siku moja utapapita bila kujua. Mimi niliupanda mpaka usawa wa sikio. Hapo bega lilisimama, na hapo lipo hata leo.

Tulirudi Rungwe joto limeanza na watu wanalima. Bupe alikuwa anakimbia. Alinitazama mlangoni, akakimbilia kwa mama mkwe, akajificha nyuma ya miguu yake. Mama mkwe alimsukuma kwangu, na mtoto akapiga yowe. Nikasema mwache. Siku zikapita, namkatia ndizi ananyang'anya na kukimbia, nalala naye anaamka anamwita bibi yake. Nilikuwa nimepata mkono, na sikujua niufanyie nini.

Asubuhi moja mama mkwe alikwenda kisimani. Bupe akashikwa na usingizi, akaanza kulia kile kilio. Akazunguka nyumba kumtafuta bibi yake, hakumwona. Akaja nilipokuwa napepeta maharage kando ya meko, akasimama nyuma yangu, akaniegemezea paji la uso kiunoni.

Nilipiga magoti polepole, nikiogopa atakimbia. Kumrusha mtoto mgongoni siwezi mpaka leo, basi niliinama mpaka uso ukakaribia majivu, nikamvuta kwa mkono wa kushoto, yeye mwenyewe akapanda kwa magoti. Nguo nayo ikanishinda, mkono wa kulia haukufika. Nikaing'ata ncha kwa meno, nikavuta, nikafunga fundo baya la upandeupande. Nikasimama. Alikuwa mzito kuliko nilivyomwacha.

Nikatoka nje. Nikaenda mpaka migombani nikarudi, nikaenda tena, bega linawaka moto. Mama mkwe akatukuta njiani na mtungi wake kichwani. "Mshushe," akasema, "utaumia." Bupe alikuwa amelala fofofo, na alikuwa amenikojolea mgongo mzima, vuguvugu mpaka miguuni, na mimi nikaendelea kutembea.